Kiboko anapita mtaani kwetu Katwe kila usiku, njia ileile. Anafuata nini?

MgeniWaKatwe
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wenyeji wa Katwe, Kasese, hata Rwenshama, huku magharibi mwa Uganda.

Nimehamia Katwe kikazi, nimepanga chumba upande unaotazama Ziwa Edward. Maduka yakishafungwa na kelele za kibanda cha mpira zikatulia, kiboko anapanda kutoka ziwani. Anapita kati ya kinyozi na fundi baiskeli, anakata kiwanja cha mpira, anapotelea juu barabarani. Kabla hakujapambazuka anarudi kwa njia hiyohiyo. Hana haraka, hana habari na mtu. Wazee wanaocheza mweso (bao la huku) chini ya mti wakimsikia anavyopumua, wanaubeba ubao polepole mpiki (kete) zisimwagike, wanahamia barazani. Akishapita wanarudi chini ya mti na mchezo unaendelea, na hakuna aliyesahau ilikuwa zamu ya nani.

Hifadhi ya Queen Elizabeth imetuzunguka pande zote, pori lote ni lake. Kwa nini apite katikati ya nyumba za watu? Mtaani nimeuliza, kila mtu ana jibu lake.

BodaWaKikorongo
Karibu Katwe. Jibu ni nyasi, basi. Kiboko anakata nyasi kwa midomo, si kwa meno, kwa hiyo anataka zile fupi. Porini majani ni marefu, hapo kiwanjani mbuzi wameshamfyekea. Usiku mmoja anakula kama kilo 40. Mimi nabeba abiria Kikorongo mpaka Katwe hata usiku, nawaona pembeni ya barabara wengi tu, vichwa chini, wanatafuna.

MamaChumvi
@BodaWaKikorongo nyasi gani kiwanjani? Wewe umekanyaga hapo lini? Kiangazi hicho kiwanja ni vumbi mpaka kipa haonekani, na kiboko anapita vilevile.

Huyo anafuata njia. Njia ilikuwepo kabla ya kinyozi, kabla ya fundi baiskeli, labda kabla ya mji. Mama yangu aliolewa hapa akawakuta wanapita palepale. Watu ndio wamejenga juu ya njia ya mwenyewe. Nenda kesho asubuhi uangalie ukuta wa kinyozi upande wa chini. Kiboko dume akinya anatikisa mkia, mavi yanaruka kila upande, ndivyo anavyoweka alama yake. Kinyozi amepaka rangi ukuta ule mpaka amechoka. Sasa ameamua kupaka kahawia.

KijanaWaKasese
Kahawia 😂😂 Huyo kinyozi ana akili kuliko baraza lote la mji.

TumboJoto
Mpeni kiboko uenyekiti wa LC1, serikali ya mtaa. Angalau yeye anaonekana mtaani kila siku.

AfandeMstaafu
Nimefanya kazi ya ulinzi wa wanyama hifadhini miaka mingi, niwaongezee kidogo.

Boda hajakosea kuhusu nyasi. Mama naye hajakosea kuhusu njia: kiboko ni mnyama wa mazoea, njia zake nyingine zimechimbika mpaka zimekuwa mifereji. Ila mmesahau jambo moja. Mnasema "kiboko" mmoja, peke yake, kila usiku. Majini kila dume mkubwa ana kipande chake cha ufuko na majike wake. Dume mdogo akikua anafukuzwa, na mkishaona makovu mgongoni mtajua alivyofukuzwa. Anaishia kwenye kipande ambacho wenzake hawakitaki, yaani kwenye gati ya wavuvi, kelele na injini za mashua. Akitoka hapo kwenda malishoni, mlango wake ni mji. Mimi ndivyo ninavyoamini.

Mgeni, mambo mawili usiyasahau: usisimame kati yake na maji, na usimpige tochi machoni. Huo mwendo wake wa pole usikudanganye. Akiamua kukimbia anafika kilomita 30 kwa saa, na wewe na kandambili zako humwezi.

Mkonzo_Bwera
Afande, tangu hifadhi ianzishwe na Malkia mwaka 1952 si ndiyo wanyama wakaongezeka hadi wakaingia mijini? Mzee wangu alikuwa anasema zamani hawakuwa wengi hivi.

AfandeMstaafu
@Mkonzo_Bwera Malkia hakuanzisha kitu. Mwaka 1952 ilitangazwa kwa jina la Kazinga. Jina la Queen Elizabeth lilikuja 1954 alipotembelea.

Na habari ya wingi ni kinyume. Miaka ya 1950 viboko walikuwa wengi mno, wakamaliza majani ufukweni, ardhi ikabaki uchi. Kuanzia 1957 wakubwa wa hifadhi waliamua kuwapunguza kwa bunduki. Rasi ya Mweya waliwaondoa karibu wote, na nyasi zikarudi. Baadaye vita vya 1979 vya kumng'oa Amin na fujo zilizofuata, kila mwenye bunduki akawa anakula nyama ya porini. Halafu 2004 kikaja kimeta, viboko wakafa kwa mamia, mizoga inaelea mfereji wa Kazinga. Mzee wako alizaliwa lini? Ukijua hilo utajua anasema zamani ipi.

Mkonzo_Bwera
Alizaliwa wakati wa nzige. Hivyo ndivyo anavyosema yeye, usiniulize nzige wa mwaka gani.

HajjiWaMpondwe
Assalam aleykum. Nyote mnazunguka. Mji wenu unaitwa wa chumvi kwa sababu gani? Mnyama anafuata chumvi. Mimi nanunua mawe ya chumvi Katwe, navusha hadi Kongo kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe ukimkosesha chumvi analamba hata ukuta. Kiboko hana tofauti. Kulia kwake Ziwa Edward la maji baridi, kushoto Ziwa Katwe la chumvi, mji umekaa katikati kwenye ukanda mwembamba. Atafika vipi kwenye chumvi bila kupita mtaani?

Na hiyo chumvi si mchezo. Mfalme Kabalega wa Bunyoro aliishikilia, watu waliipigania. Lugard, yule Mwingereza, alipofika 1891 jambo la kwanza akajenga ngome hapohapo Katwe, Fort George. Mzungu mzima alikuja na bunduki kwa ajili ya chumvi, itakuwa kiboko?

MamaChumvi
Waaleykum salaam Hajji. Wewe unaijua chumvi ikiwa imeshafungwa kwenye gunia. Mimi nina kitalu changu kule chini, nilirithi.

Kitalu ni nini? Ni shimo la kina cha magoti, kuta za udongo na majani tuliyozishindilia kwa mikono. Tunaingiza maji ya ziwa, jua linafanya kazi, juu inatanda ngozi nyeupe. Ile ngozi tunaigonga inazama, inatanda nyingine, tunaigonga tena. Siku ya kuvuna unaingia miguu mitupu, unakomba chini kwa viganja, kila mchubuko mguuni unaujua kwa jina. Mvua moja kubwa ikinyesha umerudi mwanzo. Sasa niambie, mnyama wa tani moja na nusu akipita kwenye kuta hizo za udongo, mimi nisijue? Ningekuta uji. Sijawahi kuona hata ukwato wake.

HajjiWaMpondwe
Labda anajua kitalu chako ni chako. Wanyama wana heshima kuliko wanunuzi wengine ninaowafahamu.

MamaChumvi
Hajji, hilo la wanunuzi tusilifungue hapa. Kuna mtu bado ana deni la magunia yangu ya kiangazi kilichopita.

TumboJoto
Hajji kimyaaa 😂

KijanaWaKasese
Kwa kuwa tumefika kwenye chumvi: lile kiwanda lililokufa hapo ziwani, mabomba yale yenye kutu, nani anajua kisa chake? Baba anasema Wajerumani walituuzia mabomba mabovu. Mjomba anasema ni vita.

FundiMabomba
Si mabovu, hayakufaa. Yale maji si maji, ni chumvi juu ya chumvi, magadi yamo, na harufu ya mayai viza mnaisikia wenyewe upepo ukigeuka. Chuma cha kawaida humo kinaliwa. Kiwanda kilijengwa miaka ya 1970 kuelekea 1980, kikawashwa, mabomba yakaanza kutoboka, mchezo ukaisha.

Mkonzo_Bwera
Fundi, hata ukiwa na bomba zuri, nchi ikiwa vitani na fedha haina thamani, nani atanunua vipuri? Mimi nasimama na mjomba.

AfandeMstaafu
Na wenyeji wenyewe, mmoja mmoja, waliogopa kiwanda kitawanyang'anya vitalu. Sisemi walikiharibu. Nasema hawakulia kilipokufa.

MamaChumvi
Sikulia.

DadaWaKatunguru
Turudini kwa kiboko, nina kesi yangu binafsi. Sisi hapa Katunguru tuko darajani kabisa, juu ya mfereji wa Kazinga. Mnajua kwenye vijiji hivi vya ndani ya hifadhi kulima hakuruhusiwi, tunakula vya kununua. Nikaona nipande dodo (mchicha) kidogo nyuma ya jiko, kwenye magunia, si shamba. Zikatoka nzuri, majani mapana. Nikasema kesho nachuma, nazipika na njugu za kusaga. Usiku nikasikia kitu kinararua, nikadhani ni mbuzi wa jirani, nikatoka na mwiko.

Si mbuzi.

Nilirudi ndani kinyumenyume, nikafunga mlango, nikasukuma na kitanda. Asubuhi dodo hakuna, magunia yamepasuka, na mwiko wangu ameukanyaga vipande viwili. Nilikwenda kuuliza fidia kwa kuwa nimesikia sheria ya wanyamapori ya 2019 imeweka mfuko wa walioharibiwa mali na wanyama. Ofisi moja ikaniambia nilete picha ya dodo kabla hazijaliwa. Nani anapiga picha mboga?

Kwa hiyo mimi nasema anafuata jikoni kwa watu. Akishaonja mara moja, hasahau.

TumboJoto
Dada, siku hizi watu wanapiga picha hata roleksi (chapati ya mayai) kabla ya kuila. Ungepiga.

BodaWaKikorongo
Lakini dodo ni majani laini mafupi. Nimesema nyasi tangu mwanzo.

DadaWaKatunguru
Dodo si nyasi wewe, usinitukanie mboga.

MvuvuWaMasaka
Mimi ni wa ukoo wa Mvubu huko Buganda, kiboko ni mwiko wetu, hatumli. Mgeni, huyo anapita kuwasalimu ndugu. Angalia kwenye huo mtaa, bila shaka yupo Mvubu mmoja amepanga. Nipeni nauli nije niongee naye, tutaelewana kiukoo.

MgeniWaKatwe
@MvuvuWaMasaka mwenye nyumba wangu ni wa huko kwenu, nitamuuliza ukoo wake. Akiwa Mvubu nahama.

Asanteni wote. Nimekwenda kuangalia ukuta wa kinyozi, na kweli ni kahawia hadi usawa wa kiuno. Afande, makovu mgongoni yapo, mawili marefu, yalionekana vizuri kwenye taa ya duka la dawa. Lakini kuna jambo limenichanganya zaidi. Juzi umeme ulikatika mji mzima na hakupita. Jana umeme ukarudi, naye huyo. Je, anafuata mwanga?

KijanaWaKasese
Hii sasa mpya. Anakuja kuchaji simu.

DadaWaKatunguru
Mwanga unamfaa kwa sababu ya simba. Mbona sisi hapa hata nguruwe pori wanalala karibu na nyumba? Simba na fisi hawapendi kusogea penye taa na watu. Na mimi siamini ni dume. Huyo ni jike, ana mtoto au ana mimba, anatafuta njia salama. Mama yeyote angepita penye taa.

MamaChumvi
Na mavi ya ukutani ni ya mtoto?

AfandeMstaafu
Kutawanya kwa mkia kwa nguvu hivyo ni tabia ya madume. Ila Dada hajakosea kabisa, simba anaweza kumshambulia kiboko mdogo aliye nchi kavu. Mgeni, huyo wako ukimtazama, ni jike au dume?

MgeniWaKatwe
Afande, sijainama kuangalia.

AfandeMstaafu
Usiiname. Angalia kichwa na shingo, dume mkubwa ana taya nene zaidi. Kuhusu umeme: ukikatika, watu wa mji wanafanya nini? Wanakaa nje wote, wanapiga soga mpaka usiku mkubwa, vijana wanacheza karata za matatu barabarani kwa mwanga wa simu. Njia yake ilikuwa imejaa watu. Alizunguka kwingine, wala taa hazikuhusika.

FundiMabomba
Au mwezi ulikuwa mpevu. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa kwingine hawaendi kazini, labda na viboko wana siku zao.

MgeniWaKatwe
Fundi, juzi kulikuwa giza totoro, mwezi haukuwepo. Watu kukaa nje, hilo ni kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nje nacheza mweso.

BaoLaTanga
Samahani naingia katikati, mimi ni Mtanzania, naendesha lori, napita Mpondwe, mpakani na Kongo, mara kwa mara. Hapo kwenye mweso ndipo nilipoamka. Mgeni, unacheza na wazee hao? Wananifunga kila nikisimama Katwe, na mimi nyumbani ni mtu wa bao. Ubao uleule, mashimo 32, kete 64. Naanza kunamua, wananitazama kama nimevua nguo.

Mkonzo_Bwera
Kwa sababu huku hatunamui. Mpiki zote ziko ubaoni tangu mwanzo, 32 zako, 32 zangu, kila mtu anajipangia anavyotaka kwenye mistari yake miwili. Ile ya kushika kete 22 mkononi na kuingiza mojamoja ni ya kwenu pwani. Na nyumba, lile shimo lenu maalumu, hatuna.

BaoLaTanga
Bao bila nyumba ni nini sasa? Kama huna nyumba unalinda nini?

Mkonzo_Bwera
Unalinda vichwa. Mtu akikula kwenye ncha zote mbili za ubao kwa zamu moja, umekwisha hata kama mpiki zako ni nyingi. Na kumbuka huanzi kwenye shimo lenye mpiki moja, lazima ziwe mbili au zaidi. Wageni wengi wanafia hapo: wanajikuta wana mojamoja kila shimo, hawana pa kuchezea.

BaoLaTanga
Ndivyo nilivyofia! Mzee mmoja hakusema hata neno, akakunja miguu akasubiri nitambue mwenyewe. Kumbe mimi natafuta pa kutakata, yaani kucheza bila kula.

HajjiWaMpondwe
Mzee huyo namjua, ana kofia ya kijani. Huyo akicheza hata kiboko anasubiri amalize.

MgeniWaKatwe
Hajji umenikumbusha. Mzee huyohuyo nilimwuliza kiboko anafuata nini. Akasema: "Wewe umefuata nini Katwe?" Nikamwambia kazi. Akasema: "Basi." Akala mpiki zangu kumi na kitu.

TumboJoto
Hilo ndilo jibu la wazee wote, halina faida kwa mtu yeyote.

MamaChumvi
Lina faida kwake, alikuwa anakupoteza mawazo ale mpiki.

Mimi nabaki kwenye njia. Mtaniambia siku kinyozi akihama.

BodaWaKikorongo
Nyasi. Mvua zikianza mtaona, zile za kiwanjani zikichipua atakuwa hata hafiki barabarani.

DadaWaKatunguru
Na zikianza mimi napanda dodo tena, safari hii na picha.

AfandeMstaafu
Dada, weka miiba mikavu kuzunguka magunia, na usitoke na mwiko.

BaoLaTanga
Wakuu, Jumapili nitalala Kikorongo, lori linasubiri mzigo. Mkonzo, uje Katwe tumalizane mbele ya wazee. Raundi ya kwanza kwa sheria zenu, ya pili kwa za kwangu. Nakuja na kete zangu za komwe.

Mkonzo_Bwera
Komwe zako baki nazo, ni kubwa, zinajaa shimo. Nakuja na mpiki. Na raundi ya pili haitakuwepo, kutakuwa kumekucha.

HajjiWaMpondwe
Nami nakuja kuangalia. Mama, tutaongea habari ya magunia hukohuko.

MamaChumvi
Uje na pesa, Hajji, si na maongezi.

KijanaWaKasese
Nani anabeba ubao mkubwa? Ule wa wazee hauruhusiwi kuguswa na watu wa kuhama.

Mkonzo_Bwera
Nina wangu wa mti, mzito. Boda, utatuchukua Kikorongo kwa ngapi, mimi na ubao?

BodaWaKikorongo
Wewe bei ya kawaida. Ubao nauli ya mtu mzima, maana ndio utakaokaa kiti cha nyuma.